Jinsi ya kuonyesha shina likifuata mwanga na mzizi ukiukwepa

Mche ukikaa dirishani siku mbili tatu, huinamia kwenye kioo. Hilo kila mtu amelishuhudia. Kazi huanza pale unapotaka kuthibitisha kilichouinamisha. Ni mwanga kweli, au ni joto la taa? Je, ni unyevu, au mche ulikuwa umepinda tangu ulipochomoza kwenye mbegu? Kwa mzizi kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu mzizi huongozwa mno na mvutano wa dunia, na athari ya mwanga hufunikwa kirahisi. Majaribio yanayofuata yamepangwa ili kila sababu itenganishwe na nyingine, na yote yanafanyika kwa maboksi, vikombe na taa moja au mbili.

Kabla ya kuanza, shika jambo hili: shina linaloinama halisogei kama mkono unavyosogea, linakua bila ulinganifu. Seli za upande wa kivuli hurefuka zaidi ya zile za upande wenye mwanga, na shina linapinda kuelekea upande uliobaki mfupi. Ndiyo maana sehemu iliyokwisha komaa haipindi tena, na chochote kinachosimamisha ukuaji, kama baridi, ukavu au mche kuzeeka, husimamisha na kuinama pia. Jaribio likikataa, anza kuchunguza hapo.

Mbegu

Choroko zinafaa kwa shina, mahindi kwa majaribio ya ncha, na haradali nyeupe kwa mzizi. Andaa choroko, mahindi na haradali nyingi kuliko utakazopima. Utatupa karibu theluthi, kwa kuwa miche iliyopinda au iliyochelewa haifai kupimwa.

Tumia nafaka za kula, si mbegu za shambani zilizopakwa rangi ya waridi, bluu au kijani. Rangi hiyo ni alama ya dawa ya ukungu au ya wadudu, na hapa utashika mbegu kwa vidole mara nyingi. Mahindi ya bisi yanafaa sana.

Loweka choroko muda wa saa 8 hadi 10, na mahindi saa 12 hadi 24 ukibadilisha maji mara moja. Haradali usiiloweke kabisa: ganda lake hutoa ute, na mbegu zikikaa majini zitagandana kiasi kwamba huwezi kuzitenganisha bila kuziumiza.

Choroko na mahindi pandia kwenye vikombe vya plastiki vilivyotobolewa chini, mbegu tano kila kikombe. Udongo uwe mwepesi, umelowa lakini ukiukamua kiganjani usitoe maji. Choroko zikae kina cha sentimita 1, mahindi sentimita 2. Weka gizani kabisa, mahali penye joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Miche iliyoota gizani huwa myeupe au ya manjano, mirefu na laini, na huitikia hata mwanga hafifu. Hiyo ndiyo unayoihitaji.

Choroko ziko tayari shina likifika sentimita 3 au 4, kwa kawaida baada ya siku tatu hivi. Mahindi huchukua siku nne au tano.

Mambo mawili huwachanganya wanaoanza. La kwanza ni kulabu. Mche wa choroko ulioota gizani huwa na kichwa kilichojikunja kama ndoano, na ndoano hiyo haihusiani na mwelekeo wa mwanga. Inalinda kichipukizi wakati wa kupenya udongo. Ukiipanga miche huku kulabu zikitazama taa, utajikuta unarekodi kuinama ambako hakujatokea. Geuza vikombe kulabu zitazame kando, na pembe uipime kwenye shina lililo chini ya kulabu.

La pili liko kwenye mahindi. Chipukizi lake limefunikwa na ala iliyochongoka, yaani koleoptili, na ndani yake kuna jani la kwanza. Gizani, kipande cheupe kilicho kati ya mbegu na koleoptili nacho hurefuka sana. Tafuta kifundo kidogo kilichovimba kinachovitenganisha, kisha pima koleoptili kuanzia hapo kwenda juu. Iliyo na sentimita 2 hadi 3 ndiyo nzuri. Jani likishaitoboa ncha, koleoptili huacha kurefuka, na mche huo haufai tena.

Boksi la giza

Chukua maboksi matatu ya viatu. Yapake ndani rangi nyeusi isiyong'aa, au yabandike karatasi nyeusi. Boksi likibaki jeupe, mwanga unaoingia tundu moja hugonga kuta na kuufikia mche kutoka pande zote, kisha mche unainama nusunusu na wewe unabaki kujiuliza.

Boksi la kwanza litoboe ubavuni tundu la kipenyo cha sentimita 2, usawa wa ncha za miche. La pili litoboe juu ya kifuniko, katikati. La tatu lisitobolewe. Ziba kingo na pembe zote kwa selotepu nyeusi. Kujua kama linavuja, weka simu ndani ikirekodi video, funga, ziba tundu, kisha pitisha tochi taratibu kuzunguka kila ukingo. Ukicheza video utaona palipobaki mwanya. Boksi la giza linalovuja ndilo kosa linaloharibu majaribio haya mara nyingi kuliko jingine lolote, kwa sababu mche uliokaa gizani siku tatu hauhitaji mwanga mwingi kuinama.

Taa iwe ya LED nyeupe ya wati 5 hadi 7, isimame sentimita 30 kutoka kwenye tundu. Kati ya nyeupe yenye manjano na nyeupe yenye ubaridi, chagua ya pili. Ina bluu zaidi. Balbu ya zamani ya waya iache: ina joto jingi na bluu kidogo, na joto litakupa sababu ya pili ambayo hukuitaka.

Weka kikombe kimoja cha choroko katika kila boksi na uandike muda. Piga picha saa 0, kisha baada ya saa 2, 4, 8 na 24, simu ikiwa imeegeshwa mahali pamoja bila flashi. Unapofungua kifuniko, chumba kiwe na giza na mwanga hafifu wa kijani tu, kwa sekunde chache. Kijani nacho mmea unakihisi kidogo, lakini kwa muda mfupi hivyo madhara yake ni madogo.

Baada ya saa mbili hadi nne miche ya boksi la kwanza itaanza kuinama, na baada ya saa nane hakuna atakayebisha. Pembe ipime kwenye picha: chora mstari kupitia sehemu ya chini iliyonyooka, mwingine kupitia sehemu ya juu chini ya kulabu, kisha weka kipimapembe mahali inapokutana. Rudia jaribio hadi upate wastani wa miche isiyopungua kumi. Mche mmoja mmoja huyumba wenyewe hata gizani, ncha ikichora duara dogo inapokua, kwa hiyo nyuzi tano au kumi kwenye mche mmoja si ushahidi.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kugeuza. Baada ya saa nane, geuza kikombe cha boksi la kwanza nusu duara na ukirudishe. Kesho yake shina litakuwa na umbo la herufi S: kipande cha chini kimebaki na mpindo wa kwanza, cha juu kimepinda upande mwingine. Hapo unaona waziwazi kwamba ni ukuaji mpya tu unaofuata taa.

Ncha ndiyo inayoona

Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha majaribio ya kufunika ncha za chipukizi za nyasi. Zilizofunikwa ncha kwa kitu kisichopitisha mwanga hazikuinama, ingawa mpindo wenyewe kwa kawaida hutokea chini ya ncha. Mahindi yanakuwezesha kuyarudia.

Zungushia kipande cha foili kwenye ncha ya kijiti chenye unene wa koleoptili, finya juu, kisha kivue. Umepata kofia. Urefu wake uwe milimita 5 au 6. Tengeneza kumi. Tengeneza pia kofia kumi za plastiki angavu za ukubwa uleule, na vishipi kumi vya foili vya kuzungushia chini, vinavyofunika koleoptili yote isipokuwa milimita 5 za juu. Kofia za plastiki ndizo watu huziruka, na bila hizo mtu anaweza kudai kwamba foili ilizuia kuinama kwa uzito au kwa kuikwaruza ncha, si kwa kuzuia mwanga.

Valisha kwa kibano chini ya mwanga hafifu wa kijani, weka kwenye boksi lenye tundu la ubavuni, subiri saa nne hadi sita. Zenye kofia ya foili zitabaki zimesimama au karibu na hapo. Za kofia angavu zitainama, na zenye kishipi pia, japo foili ikibana sana huzuia sehemu ya chini kupinda. Iache ilegee kidogo.

Choroko usizitumie hapa. Kwenye mche wa aina hiyo shina lenyewe, chini ya majani ya mbegu, huhisi mwanga, kwa hiyo kufunika ncha pekee hakutoi jibu safi. Wengi hujaribu, hupata matokeo ya kuchanganya, kisha humlaumu Darwin.

Kinachosafiri kutoka nchani ni homoni iitwayo oksini. Frits Went aliionyesha katika kazi aliyoichapisha mwaka 1928: alikata ncha za koleoptili, akaziweka juu ya vipande vya agari, aina ya jeli, ili kitu kilichomo kiingie humo, kisha akaweka kipande cha agari upande mmoja wa koleoptili isiyo na ncha. Ikapinda, tena gizani. Zipo nakala za masomo zinazosema mwanga huiua oksini upande wake. Hilo lisahihishe. Maelezo yanayokubalika ni kwamba oksini huhamishiwa upande wa kivuli, na seli za huko hurefuka zaidi.

Rangi

Vipokezi vinavyoongoza kuinama huitwa fototropini, na huitikia mwanga wa bluu, takriban nanomita 400 hadi 500. Nyekundu haiinamishi miche hii. Kulionyesha hilo, badilisha taa: LED ya bluu kwa boksi moja na nyekundu kwa jingine, mahali pa taa nyeupe. Karatasi za plastiki za rangi zinazofungiwa zawadi ni rahisi zaidi, ila nyingi huvuja. Pitisha mwanga wake juu ya CD ya zamani na utazame upinde wa rangi unaojitokeza. Karatasi nyekundu ikionyesha hata mstari mwembamba wa bluu, iongeze tabaka. Karatasi hupunguza pia ukali wa mwanga, kwa hiyo isogeze karibu taa ya rangi inayoonekana hafifu, usije ukalinganisha ukali badala ya rangi.

Mzizi: kwanza mvutano

Huwezi kuzungumzia mzizi na mwanga kabla hujaona jinsi mvutano wa dunia unavyoutawala. Chukua kasha angavu la CD, tandika ndani karatasi ya jikoni iliyolowa, panga choroko tano zilizoota zenye mizizi iliyonyooka ya sentimita 1 hadi 2, funga, lisimamishe gizani. Kabla ya kulifunga, kwa kalamu ya wino usiofutika, yenye ncha nyembamba, weka nukta kila milimita 1 kuanzia nchani, nukta kumi. Kausha mzizi kwa kuugusisha karatasi kabla ya kuweka nukta, la sivyo wino utatambaa.

Saa mbili baadaye ligeuze kasha robo duara, mizizi ilale. Baada ya saa chache ncha zitaanza kushuka, na kufikia kesho yake nyingi zitakuwa zinatazama chini. Angalia nukta: zimeachana sana kwenye milimita chache nyuma ya ncha, na mpindo uko hapohapo. Zilizo mbali na ncha zimebaki na nafasi ileile ya milimita 1.

Mzizi huhisi mwelekeo kwa kofia yake, kwenye ncha kabisa, ambako seli zina chembe nzito za wanga zinazotua upande wa chini. Baadaye oksini hujaa zaidi upande wa chini. Hapa ndipo mzizi unapotofautiana na shina: kiwango cha oksini kinachorefusha seli za shina huzuia zile za mzizi. Upande wa chini unapungua mwendo, wa juu unaendelea, na mzizi unapinda chini. Ukiwa na mkono mtulivu na wembe mpya, kwenye mzizi wa mahindi unaweza kuikwangua kofia peke yake. Mzizi utaendelea kurefuka lakini utapotea njia, hadi kofia mpya iote baada ya siku moja au mbili.

Mzizi na mwanga

Mizizi ya mimea mingi haionyeshi mwitikio mkubwa kwa mwanga, na mtu akitumia choroko hapa anaweza kungoja wiki nzima bure. Haradali nyeupe huukwepa mwanga waziwazi. Itumie hiyo.

Watu wengi huotesha haradali kwenye karatasi yenye maji na kuimulika ubavuni. Usifanye hivyo. Karatasi hukauka upande wa taa, na mzizi hufuata unyevu upande wa pili. Utaona mzizi "ukiukimbia mwanga" kumbe unafuata maji. Dawa ni kuotesha mizizi ndani ya maji, ambako unyevu ni sawa kila upande.

Tafuta chombo angavu chenye kuta bapa, cha mililita 300 hadi 500. Chombo cha duara kikijaa maji huwa lenzi: hukusanya mwanga upande wa nyuma, na kwenye picha hukuza pembe. Funga mdomoni kipande cha neti yenye matundu ya milimita 1, ikazwe kwa mpira. Maji yatikise kwanza kwenye chupa iliyojaa nusu, kwa dakika moja, ili yapate hewa. Mimina hadi yaguse neti. Panga mbegu 15 juu yake, zikiachana sentimita 1, funika gizani.

Mizizi ikipita neti kwa sentimita 1, punguza maji yashuke nusu sentimita ili shingo za miche zipate hewa. Ikifika sentimita 1.5 hadi 2, na ikiwa imenyooka, anza. Funika kwa karatasi nyeusi pande tatu na chini, upande mmoja ubaki wazi, taa ya LED ikae sentimita 25 kutoka hapo. Chombo cha pili kifanane nacho kwa kila kitu, ila kifunikwe pande zote. Hakikisha vyote viwili vimekaa sawa juu ya meza; weka gololi karibu navyo uone kama inabingirika.

Baada ya saa 24 hadi 48 machipukizi juu ya neti yatakuwa yameinamia taa, na mizizi chini yake imepinda upande wa pili. Pembe ya mzizi huwa ndogo kuliko ya shina, kwa kuwa mvutano unaendelea kuurudisha chini wakati wote.

Kabla ya kushangilia, tazama mpindo uko wapi. Mche ukiinama juu unaweza kujipindua wote kama nyenzo juu ya neti, mzizi ukasukumwa upande wa pili ukiwa umenyooka. Huko ni kuegama, si mwitikio. Mwitikio wa kweli una mpindo karibu na ncha. Ili kuondoa shaka, fanya chombo cha tatu ambamo sehemu ya juu imefunikwa na kikombe cheusi, mizizi peke yake ndiyo inayomulikwa. Kisha kama kwenye choroko, geuza chombo nusu duara: ncha zikirudi upande wa pili, umepata jibu.

Maji yakigeuka ya ukungu, au mizizi ikiwa ya kahawia na kuteleza, bakteria wameshinda. Tupa uanze upya kwa chombo kilichooshwa kwa maji ya moto. Mizizi ikisimama kukua bila kubadilika rangi, mara nyingi ni maji yasiyo na hewa au chumba chenye baridi.

Matumizi ya kila siku

Mmea wa dirishani ugeuze robo duara kila siku mbili au tatu, ungali mchanga. Shina likishakuwa gumu upande mmoja, kuugeuza hakunyooshi mpindo wa zamani. Utapata S ileile ya choroko. Miche mirefu myembamba inayoanguka haihitaji mbolea, inahitaji mwanga wa juu: teremsha taa ya LED hadi sentimita 15 au 20 juu ya majani, na uipandishe kadiri miche inavyokua. Vipandikizi unavyootesha kwenye chupa angavu, zungushia chupa karatasi nyeusi. Mwani hautaota ndani, na mizizi haitajaa upande mmoja. Acha ufa mwembamba wa kuchungulia kiwango cha maji, uelekee ukutani.